Maji Safi ya Kisima Namba Tisa

Kisima namba tisa kilikuwa safi tena.

Sajini Odile Vayssade wa jandameri, polisi wa vijijini wa Ufaransa, alisoma majibu ya maabara akiwa amesimama. Akayaweka mezani, akayachukua tena kana kwamba safari hii yangesema kitu kingine. Hayakusema.

"Ndiyo hivyo," alisema Bi. Calvignac, mwendesha mashtaka. Alikuwa ameshavaa koti. "Ijumaa nafunga jalada."

"Imebaki sampuli moja."

"Nzuri. Ikitoka safi kama hizi, mpelekee yule mama hati yake ya mashtaka. Taarifa ya uongo, kutengeneza ushahidi. Mawakili wa kiwanda wanapiga simu kila asubuhi."

"Solange Rascol hana hela ya koleo jipya. Hiyo urani ya kutia kisimani ameipata wapi, sokoni?"

"Mumewe alifanya kazi kiwandani karibu maisha yake yote. Usinifundishe jalada langu, Sajini. Ijumaa."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuisukuma. Juu ya mashamba ya mizabibu ya Montarel kulikuwa na kiwanda. Unga wa urani uliingia kwa treni, ukayeyushwa kwa asidi, ukasafishwa, ukapelekwa kwingine kuwa nishati ya vinu vya umeme. Chini ya kiwanda, mteremkoni, aliishi Solange, mjane mkulima wa mboga. Majira ya kuchipua figo zilimsumbua, daktari akamuuliza anakunywa maji gani, naye akapeleka chupa ya maji ya kisima chake yakapimwe. Yalikuwa na urani mara nyingi kupita kiwango, na chumvi ya asidi juu yake. Akafungua mashtaka. Serikali ikachimba kisima cha kupimia, namba tisa, kati ya kiwanda na shamba lake. Kama uchafu ulitoka kiwandani, ilikuwa lazima upitie pale chini ya ardhi.

Kila sampuli ya Namba Tisa ilitoka safi.

Basi kiwanda kikasema uchafu ni wa mama mwenyewe. Kijijini nako kukatoka maneno kwamba marehemu Fulcran Rascol aliiba pipa kazini akalizika bustanini. Odile alileta tingatinga. Walifukua vitunguu vyote vya mjane, wakapata beseni la kuogea na mifupa ya mbwa.

Odile mwenyewe alikishuku kiwanda. Alikesha na picha za kamera za getini, akahoji walinzi wa zamu zote, kisha akaenda kwa meneja, Bi. Ausset, mwanamke asiyepandisha sauti.

"Nani kati yenu anaijua siku ya kupima?"

"Hakuna. Tunapata majibu siku moja na wewe."

"Lakini mngependa kuijua."

"Sajini, unatutafuta sisi kwa sababu sisi tuna geti, tuna kamera, tuna anwani. Ni rahisi. Umeshakuta gari letu hata moja karibu na kile kisima?"

Hakukuta.

*

Siku ya sampuli ya mwisho alikwenda mwenyewe. Bastien Lacombrade, fundi wa maabara, alikuwa ameshapima visima vingine vinane tangu alfajiri na sasa alikuwa anashusha jenereta kwenye gari. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye tumbo lililomtangulia popote. Upepo wa kaskazini ulikuwa unapiga tangu jana yake, ule unaofunga milango ya watu na kuwaudhi mbwa.

"Nani anapanga siku?" Odile aliuliza.

"Kompyuta ya maabara. Inaniletea ujumbe jana yake asubuhi. Kabla ya hapo hata mimi sijui."

"Na ukishajua, unamwambia nani?"

"Nimwambie nani, afande? Mke ameondoka, na mbwa ameondoka naye."

Namba Tisa lilikuwa bomba la plastiki jeupe lililochomoza ardhini hadi magotini, limevikwa bomba la chuma lenye kifuniko. Penye kufuli kulikuwa na waya.

"Kufuli liko wapi?"

"Lilishika kutu. Nimeomba jingine tangu mwezi wa sita."

"Kwa hiyo anafungua yeyote mwenye vidole."

"Mwenye vidole na wazimu. Nani aje shambani kufungua bomba?"

Odile alizungusha waya, akafunua kifuniko, akachungulia kwa tochi. Kwenye mdomo wa ndani wa lile bomba jeupe kulikuwa na michirizi ya buluu, imeshuka chini kama machozi ya wanja.

"Hii nini?"

Bastien hakuinama. "Mrututu. Dawa ya mizabibu. Huku kila kitu kina buluu, afande. Kuta, kofia, mbuzi wa meya. Wananyunyiza, upepo unabeba."

Odile alipiga picha, akakwangua kidogo kwa kisu, akatia kwenye mfuko wa plastiki. Bastien akatumbukiza pampu, akawasha jenereta. Maji yakaanza kutoka kwenye mpira na kupotelea kwenye mtaro.

"Mbona unayamwaga?"

"Maji yaliyolala bombani hayafai. Unavuta mara tatu ya ujazo wa bomba, kama lita mia tatu hapa, ndipo unapata maji yenyewe ya ardhini. Halafu unaangalia hii." Alimwonyesha kijiti chenye kioo kidogo cha namba. "Inapima chumvi. Namba ikitulia, najaza chupa."

Namba ilitulia kwenye mia tano arobaini na nane.

"Maji ya kiwanda yangesoma ngapi?"

"Elfu nne, elfu tano. Asidi yao inaacha chumvi, na chumvi haijifichi. Kisima cha yule mama kinapita elfu tatu." Alijaza chupa, akabandika lebo. "Haya ni safi. Ningeweza kuyanywa."

"Yanywe basi."

"Nina kiu ya kitu kingine." Aliangalia saa. Jenereta ilizimwa kabla hajamaliza kuangalia. "Afande, karibu saa sita. Mgahawani kwa Ginette hawapendi mtu anayechelewa."

Odile alibaki ameikodolea macho ile chupa. Safi. Mezani kwa Bi. Calvignac ingetosha kummaliza Solange, na yeye Odile ndiye angempelekea karatasi. Aliupiga teke mpira wa maji. Haukumsaidia, na kiatu kikalowa.

*

Kwa Ginette palikuwa ukumbi mmoja wenye meza saba, na saa sita kamili zote zilikuwa na watu. Meza ya Bastien ilikuwa ya pembeni, karibu na jiko. Hakuagiza chochote. Alikaa, akajifunga kitambaa kifuani, na Ginette akamletea chungu cha udongo kinachotoa moshi: maharage meupe, nyama ya bata bukini, soseji, na ukoko wa kahawia juu.

"Na mimi hicho," alisema Odile.

"Chungu ni cha walioagiza, madam. Wewe kuna kimanda."

Odile alitazama ukumbi. Watu walikula kimanda na saladi. Ila meza moja ya katikati, ambako wakulima wanne walikuwa na chungu kama kile kile. Odile alimfahamu mmoja wao: Aimé Rascol, mwenyekiti wa ushirika wa mvinyo, mdogo wa marehemu Fulcran. Ndiye aliyewaambia kuhusu pipa.

Kimanda kilikuja. Odile hakukigusa. Mama yake alizaliwa bonde la pili kutoka pale, na maharage yale aliyajua.

"Ginette, haya maharage umeyaloweka lini?"

"Jana. Utayaloweka lini mengine? Yanalala majini, asubuhi na mapema yanaingia tanurini. Haraka haraka ni za watu wa mjini."

"Na jana ulijuaje kwamba Bastien anakuja leo?"

Ginette alimtazama Bastien. Bastien alikuwa na kijiko mdomoni.

"Alipiga simu," alisema Ginette.

"Niliweka meza tu!" Bastien alimeza kwa shida. "Afande, usiponiangalia hivyo itakuwa vizuri. Bila kuweka meza hapa unakula kimanda. Angalia sahani yako."

"Kila mara unapiga?"

"Kila mara. Ndiyo maana Namba Tisa naiweka ya mwisho. Ndiyo iliyo karibu na hapa."

"Siku ya siri ya serikali."

"Mimi sikusema napima! Nilisema nakula!"

Meza za jirani zilianza kunyamaza. Odile alimgeukia tena mwenye mgahawa.

"Na wewe ukishapokea simu?"

"Mimi nini? Chungu si cha mtu mmoja. Nikiwasha tanuri kwa ajili ya Bastien peke yake nitafilisika. Nawapigia wengine, nauliza nani atakula."

"Unaanza na nani?"

Ginette alichukua glasi iliyokwisha kukauka akaanza kuikausha. Hakuangalia meza ya katikati. Alijitahidi sana kutoiangalia.

Odile alichomoa kile kijiti cha kupimia kwenye mfuko wa koti la Bastien lililoning'inia kitini, akakitumbukiza kwenye jagi la maji lililokuwa mezani.

"We! Hayo ni ya kunywa!" Ginette alipiga kelele. "Kimetoka kwenye matope hicho!"

Mia tano arobaini na tisa.

Odile alikishika mbele ya uso wa Bastien mpaka Bastien akaacha kutafuna.

"Maji haya yanatoka wapi, Ginette?"

"Bomba la kijiji. Yatoke wapi tena?"

Odile alisimama, akaenda dirishani. Nje, chini ya mti mkubwa, kulikuwa na trekta lenye tangi la kunyunyizia dawa nyuma, tangi la plastiki lililogeuka buluu kwa miaka mingi. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye mpira wake.

"Bwana Rascol, mnaanza kuvuna lini?"

"Jumatatu ijayo." Aimé hakugeuka. Alikuwa mtu mkavu, mwenye shingo iliyokatika mistari kwa jua. "Upepo huu ukikubali."

"Na bado mnanyunyiza?"

"Nani anyunyize sasa? Unataka watu wanywe mrututu?" Wenzake wakacheka. "Jandameri siku hizi hawafundishwi kitu."

"Basi lile tangi limelowa kwa nini?"

Kicheko kikakatika.

"Nilikuwa naliosha," alisema Aimé.

"Bastien," alisema Odile. "Simama."

"Afande, ndiyo kwanza naanza."

"Beba na chungu."

*

Bastien alikula kando ya Namba Tisa, akiwa amekaa kwenye tairi la akiba, chungu mapajani, mgongo upande wa upepo, akilalamika kila baada ya kijiko. Utaratibu unasema mara tatu. Mara tatu zilishavutwa. Maabara haitalipia mafuta ya jenereta. Maharage yanaingia mchanga.

"Bomba hili lina lita ngapi?" Odile aliuliza.

"Mia moja. Nimeshakwambia."

"Tangi la trekta?"

"Elfu moja. Yapo makubwa zaidi."

"Nikija alfajiri nikamwaga lita elfu moja humu ndani, zinakwenda wapi?"

"Haziwezi kubaki bombani. Zinatokea kwenye matundu ya chini, zinajaa kwenye kokoto pembeni."

"Halafu wewe unafika, unavuta mia tatu."

Kijiko kilisimama hewani. Bastien alikirudisha chunguni polepole.

"Navuta yale yale," alisema. "Mama yangu. Navuta maji ya bomba la kijiji."

"Na buluu ile ya ndani?"

"Upepo."

"Upepo unafungua waya, unafunua kifuniko, unachirizika ndani, unafunika?"

Bastien aliweka chungu chini. Alisogea karibu na mpira na kijiti chake.

Mia tano hamsini. Pampu ikavuta. Mia tano hamsini na mbili. Mtaro ulijaa, maji yakaanza kutafuta njia kati ya mizabibu. Mia tano arobaini na tisa tena. Jenereta ikakohoa, ikazima: mafuta yalikwisha. Odile aliitukana kwa sauti, akaenda kunyonya petroli kwenye gari la kazi kwa mpira, akaipata mdomoni, akatema. Jenereta ikawaka. Mia tano hamsini na moja.

"Labda kweli ni safi," alisema Bastien.

"Nyamaza."

Simu ya Odile ililia. Bi. Calvignac. Aliiacha ilie.

Mia tano themanini. Bastien alifuta kioo kwa kidole gumba. Mia sita na kumi. Mia nane. Halafu namba haikupanda tena kwa kuhesabika, iliruka: elfu moja na mia tatu, elfu mbili, na ilipofika elfu nne na mia mbili ikatulia hapo. Maji hayakubadilika rangi hata kidogo. Yalimeremeta juani kama yale ya jagini.

"Usiyaguse," alisema Bastien, na yeye mwenyewe akarudi nyuma. "Subiri nivae glavu."

Alijaza chupa sita. Odile akazitia lakiri moja moja, akapiga picha kioo cha kijiti, akapiga picha chupa, akamtaka Bastien atie saini mara mbili. Alikuwa anafunga sanduku alipomwona Aimé Rascol anapanda njia ya shambani kwa miguu, kofia mkononi kwa sababu ya upepo.

"Zima hiyo pampu, afande."

"Umechelewa."

Aimé alitazama mtaro, akatazama maji yanavyoingia kwenye mistari ya mizabibu. "Unayamwaga kwenye zabibu za watu."

"Bastien, zima." Odile alisubiri kelele ziishe. "Tangu lini?"

"Tangu walipokichimba."

"Kila Ginette akipiga simu."

"Ginette alikuwa anauliza nani atakula. Usimtie humu."

"Ulituambia kaka yako alizika pipa."

"Fulcran amekufa. Maneno hayamuumi."

"Mkewe hajafa. Ijumaa nilikuwa niende kumshtaki."

Aimé alivaa kofia, upepo ukataka kuichukua, akaivua tena. "Ushirika una familia arobaini. Mizizi yetu haifiki huko chini, mvinyo wetu umepimwa, hauna kitu. Hauna! Lakini hilo neno likitoka gazetini pamoja na jina la Montarel, nani atauliza mizizi inafika wapi? Mnunuzi anafunga simu, basi. Nilitaka tuvune kwanza. Tukishavuna nilikuwa naacha."

"Mwaka ujao hamvuni?"

Aimé alizungusha kofia mikononi.

"Bwana Rascol, kila ulipokuja hapa ulikuwa na tangi zima la maji safi. Shemeji yako yuko pale, paa lake linaonekana. Anakunywa haya, hana mengine." Odile alionyesha mtaro. "Na wewe maji safi ukayamwaga shimoni."

Aimé alilitazama lile paa. Bastien, aliyekuwa anakunja mpira, aliendelea kukunja pasipo kuinua kichwa.

"Sikuwahi kufikiri hivyo," alisema Aimé mwishowe.

"Andika," Odile alimwambia Bastien. "Hayo hayo maneno. Wewe ni shahidi."

*

Solange Rascol alikuwa anafunga nyanya kwenye miti kwa vitambaa vya shuka kuukuu. Alimwona Sajini anaingia na utepe mwekundu wa serikali mkononi, akakaa kwenye kreti.

"Ndiyo hiyo hati?"

"Hakuna hati, mama. Hushtakiwi. Uchafu unatoka kiwandani, tumeupata Namba Tisa. Mtu alikuwa anamwaga maji safi humo kabla ya kupimwa."

"Nani?"

Odile angependa kulikwepa hilo. "Aimé."

Solange alivuta kitambaa kutoka mfukoni, akakitazama, akakirudisha. "Aimé ndiye aliyenichimbia hiki kisima," alisema. "Yeye na Fulcran. Walichimba wakiwa wamelewa, kikatoka kimepinda." Alitazama pampu. "Na maji, ni mabaya kweli?"

"Mabaya kuliko tulivyodhani. Leo nafunga pampu. Wilaya italeta maji ya kunywa kwa gari."

"Ya kunywa. Na hizi?"

Odile alitazama nyanya, na mistari ya vitunguu vilivyopandwa upya mahali tingatinga lilipopita. Swali hilo lilikuwa na jibu kwenye kanuni, na alilijua, na mama naye alilijua.

"Zitang'olewa, mama. Udongo utapimwa. Inaweza kuchukua muda."

"Muda gani?"

"Sijui. Mrefu."

Solange aliitikia kwa kichwa. Hakulia.

"Unajua nilichokuwa naomba, afande? Nilikuwa naomba mniambie nimekosea. Ningelipa faini. Ningelipa kidogo kidogo, wangenicheka sokoni, ingeisha. Ningebaki kwangu."

Odile alizungusha utepe kwenye pampu, akaufunga mafundo mawili. Upepo uliukata kabla hajafika kwenye gari. Akarudi, akafunga mwingine.